Mpira umedakwa vifundoni, ampaya kaita straiki: kaona nini?

Suala hili limetoka kwa msichana anaesomesha skuli huko Wete, na jioni anawafundisha wasichana softiboli kwenye uwanja wa kuazima. Kwa asieujua mchezo: mrushaji anaurusha mpira upite juu ya pleti, kile kibao cha chini mbele ya mpigaji mwenye gongo, na kecha anaudaka nyuma yake. Ampaya, yaani mwamuzi, akiona umepita ndani ya zoni, ile hewa ya kihalali, au mpigaji kapiga akakosa, anaita straiki, la sivyo boli, na straiki tatu zinamtoa mpigaji. Nalifupisha: "Assalaam alaykum maalim. Juzi tumecheza mechi, mpigaji wangu katolewa kwa straiki ya tatu bila ya kupiga, na mpira wenyewe kecha wao kaudaka chini kabisa, usawa wa vifundo vya miguu. Zamu yetu ya kurusha ikafika, mrushaji wangu katia mpira usawa wa kifua, ampaya kasema boli. Tukapiga kelele, tukaambiwa kila ampaya ana zoni yake. Ni kweli? Na wasichana wangu wanavaa suruali pana na gauni refu juu yake na mtandio, sasa goti na kwapa anavionaje? Na mimi kocha nna haki ya kulalamika?"

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu. Mie sikuwepo kwenye mechi kwa hivo siwezi kukwambia ampaya yule kapatia au kakosea, lakini nimesimama nyuma ya makecha miaka mingi na malalamiko kama yako nimeyasikia mpaka nayajua kwa moyo, na mara nyingi sana yanatoka pahala pamoja. Wewe ulitazama glavu. Ampaya kazi yake ni kutazama pleti. Baina ya pleti na glavu pana mita moja na zaidi, na mpira ukiwa njiani hapo hausimami kukusubiri, unaendelea kushuka.

Straiki zoni ni hewa iliyo juu ya pleti, basi, hamna jengine. Upana wake ni upana wa pleti, inchi 17, yaani sentimita 43 hivi. Urefu wake unatoka kwenye mwili wa mpigaji alievyosimama kwa kawaida yake tayari kupiga, na kwa sheria ambazo wengi tumezisomea, kwenye softiboli ya kurusha kwa kasi, ni kutoka makwapani mpaka juu ya magoti. Mpira ukipita ndani ya hewa hiyo, hata ukigusa pembe yake tu, ni straiki. Ukishapita umeshapita. Ni kama mtu na mlango wa ukumbi wa harusi, wewe umewekwa mlangoni uangalie nani kaingia, sasa akishaingia akenda kukaa kwenye mkeka au kwenye kiti au kule jikoni na wapishi, hilo halikuhusu, mlangoni kapita au hakupita?

Sasa tufanye hesabu ya mpira wa wasichana wa skuli, kwa sababu hapa ndipo penye jibu lako lote. Chukulia mrushaji anarusha kilomita 70 kwa saa. Ule mpira mpaka ufike kwenye pleti unachukua nusu sekunde na ushee kidogo, na muda wote huo ardhi inauvuta. Ili ufike mbali hivo inabidi utoke mkononi ukiwa unapanda kidogo, unafika juu, halafu unaanza kushuka, na ukifika kwenye pleti unakuwa umeshika kasi ya kushuka sawasawa. Ukipiga hesabu ya fizikia ile ya skuli, utaona kila mita moja na nusu unayokwenda mbele baada ya pleti mpira unashuka kama sentimita 25. Robo mita! Kwa hivo mpira uliokata pleti usawa wa goti la binti, sentimita 45 kutoka chini tuseme, ukifika kwenye glavu ya kecha aliekaa mita moja na nusu nyuma unakuwa sentimita 20 tu kutoka chini. Hapo ni vifundoni. Wewe na wazazi mkaona glavu inagusa mchanga mkapiga kelele, na huenda mpira ulipita mlangoni kihalali kabisa.

Na hesabu hiyohiyo ndo inayokujibu ule mpira wa kifuani. Mpira uliodakwa kifuani ulipita pleti ukiwa juu zaidi ya hapo, robo mita nyengine juu, pengine mabegani. Kwa hivo unaweza kuwa na mechi ambayo ampaya kaita straiki mpira uliodakwa chini na boli mpira uliodakwa kifuani na akawa kapatia yote mawili, na uwanja mzima umemkasirikia. Mie nimekaa kwenye hali hiyo, si nyepesi.

Mpira ukiwa wa kasi zaidi unashuka kidogo zaidi baina ya pleti na glavu, ndo maana ukitazama wanawake wa kimataifa, wanaorusha kilomita 100 kwa saa na zaidi kutoka mita 13.11, tafauti hiyo haionekani sana na macho yako yanazoea vile. Halafu unakuja Wete unatazama watoto kwa macho yale ya kwenye simu. Na kuna mrushaji anaejua kuuzungusha mpira kwa mbele ili ushuke ghafla, huyo ndo kabisa, wake unakata goti na unamalizia chini kama jiwe limetiwa kisimani.

Lakini jihadhari na kitu kimoja. Nimesema mpira upite hewani. Ukigusa ardhi kabla ya kufika kwenye pleti halafu ukadunda ukapita katikati ya zoni, hiyo ni boli, hata upite vizuri namna gani, labda mpigaji mwenyewe aupige akose, hapo ni straiki kwa sababu kapiga.

Na kuna jambo la straiki ya tatu hukuniuliza ila nafikiri limekupita. Umesema kecha wao kaudaka chini kabisa. Kaudaka kabla haujagusa mchanga au kauchota baada ya kudunda? Kwa sababu kama mpira ulipita zoni hewani, ukaitwa straiki, halafu ukagusa ardhi kabla ya kecha kuushika vizuri, na besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza cha kukimbilia, ilikuwa haina mtu, au mlikuwa na auti mbili tayari, yaani wenzake wawili washatolewa, basi binti yako alikuwa hajatoka! Ana haki ya kukimbia besi ya kwanza na wao wana kazi ya kumtoa. Mashindano mengine ya watoto wadogo huiondoa sheria hii, kwa hivo uliza kabla, lakini kama ipo wafundishe wasichana wako kwamba straiki ya tatu ikianguka chini mtu hageuki kurudi kwenye kivuli na kichwa kimeinama, anatimua mbio kwanza, maswali baadae. Nimeona timu zinapoteza nafasi hii kwa sababu tu kocha alikuwa anapiga kelele na ampaya na mpigaji alikuwa anamtazama kocha.

Haya, turudi kwenye kifua. Umeniambia kifua, lakini kifua cha nani na akiwa vipi? Zoni inapimwa mpigaji akiwa kwenye mkao wake wa kupiga. Binti akisimama wima kwapa lake liko juu, akikunja magoti na kuinama mbele kidogo kwapa linashuka, na kile unachokiona wewe kuwa ni kifua chake cha kusimama kinakuwa usawa wa bega lake la kuinama. Hapo mpira ushatoka zoni. Halafu kuna wajanja wanaojikunja kama mtu anatafuta sindano ili zoni iwe ndogo, huyo ampaya hamfuati, sheria inasema mkao wa kawaida, kwa hivo anapimwa kwa mkao ambao angepigia kweli.

Na pia vitabu vya sheria haviko sawa, hili lazima ulijue. Mashindano ya skuli za sekondari za Marekani wanatumia kwapa la mbele mpaka juu ya magoti. Vyuo vikuu vya Marekani wameshusha juu yake, wao mwisho ni chini ya mfupa wa kifua, hapa kwenye chembe cha moyo, mpaka juu ya magoti. Baina ya kwapa na chembe cha moyo kwa msichana wa miaka kumi na tano pana kama kiganja kizima na zaidi, na mpira wa kifuani unapita hapohapo. Kwa hivo kwa kitabu kimoja ni straiki na kwa kitabu chengine ni boli, na ampaya hajafanya kosa lolote. Huku kwetu ampaya mmoja kajifunza kwa mgeni wa Kijapani, mwengine kwa video za Kimarekani, mwengine alianza na besiboli kule Dar, kila mmoja na kitabu chake kichwani. Dawa yake ni ndogo sana: kabla ya mechi makocha wawili na ampaya mnakutana kwenye pleti, muulize mbele ya mwenzako, "Tunatumia kitabu gani leo, juu ni kwapa au ni chembe cha moyo?" Suala la sekunde tano. Nakuomba ulifanye kila mechi.



Upana sasa. Pleti ni sentimita 43, lakini nimesema ukigusa pembe inatosha, na mpira wa softiboli si chungwa la kwenye fungu, mzunguko wake inchi 12, kutoka ukingo mpaka ukingo ni karibu sentimita 10. Kwa hivo mpira unaweza kuwa karibu wote uko nje na upande wake ukaparuza pembe ya pleti, ni straiki. Ukijumlisha kulia na kushoto unapata zoni ya sentimita 62 na kidogo, siyo 43. Watu wengi hawajawahi kuipiga hesabu hii. Wapigaji wako wakikwambia mpira ulikuwa "nje ya pleti", waulize wote au nusu? Na pleti yenyewe ina kina, inchi 17 kutoka ukingo wa mbele mpaka ile ncha ya nyuma, mpira unaopinda unaweza kukosa mbele ukakata pembe ya nyuma. Ile zoni ni sanduku, siyo dirisha. Pahala binti alipojipanga ndani ya boksi, pale palipochorwa pa kusimama mpigaji, pia hapabadilishi kitu, awe mbele kabisa au nyuma kabisa, hewa ni ileile iliyo juu ya pleti, ila yeye mwenyewe akisimama nyuma kabisa mpira ukimfika ushashuka, atauona wa chini na atakasirika vilevile kama wewe.

Sasa ampaya anavyofanya kazi. Kama kapata mafunzo hasimami nyuma ya kichwa cha kecha moja kwa moja, anasimama kwenye uwazi ulio baina ya kecha na mpigaji, upande wa ndani, macho yake yanakuwa usawa wa juu ya zoni. Mrushaji akianza kuzungusha mkono yeye anashuka taratibu na kutulia, kichwa hakitikisiki tena, macho tu ndo yanaufata mpira kutoka kwenye nyonga ya mrushaji mpaka kwenye glavu. Kichwa kikitikisika zoni nayo inatikisika, hiyo ni siri ya kwanza ya kazi hii. Siri ya pili ni kutofanya haraka. Mpira umefika, subiri, uone tena kichwani mwako ulivyopita, halafu sema. Boli ikiwa boli anaisema akiwa palepale chini hajainuka, straiki anainuka na mkono wa kulia na sauti kila mtu asikie. Ukimwona ampaya anaanza kuinua mkono mpira haujafika, huyo anakisia, na kukisia kwenye kazi hii ni dhulma.

Pembe inayotutesa kuliko zote ni ile ya chini ya nje, upande wa mbali na mpigaji, kwa sababu kutoka pale tuliposimama ndiyo iliyo mbali zaidi na macho. Hapo ampaya mzuri na ampaya mbovu wote wanakosea, mbovu anakosea zaidi. Na kwenye mechi zetu za mazoezi utamkuta ampaya mmoja tu, hana maski wala kinga ya kifua, kwa usalama wake anasimama nyuma ya mrushaji. Kutoka pale ndani na nje anaviona vizuri, lakini juu na chini anaotea. Ukimwona kasimama kule usitegemee mstari wa goti uwe sawa, utapanda na kushuka tu.

Hili la juu na chini linaniuma kwa sababu nishawahi kumdhulumu mtoto. Tulikuwa viwanja vya Maisara, alasiri, jua limelala linanipiga machoni, mpigaji mdogo wa timu ngeni, mipira miwili mtawalia ya chini, na kecha alikuwa hodari, anaudaka mpira na kuunyanyua kidogo kwa utulivu kama hakufanya kitu. Nikaita straiki zote mbili. Wa tatu nao nikaita, mtoto katoka. Usiku nyumbani nikiwa nimelala nikajua kwamba mie sikuuona mpira wa tatu ukipita pleti, niliiona glavu. Kosa lilelile la wazazi wanaopiga kelele, ila mie nilikuwa nimevaa maski. Toka siku hiyo nikashika tabia ya kujiambia kila mpira kabla haujarushwa, "pleti", kimoyomoyo, mpira mia mbili kwa mechi nasema "pleti" mara mia mbili.

Ndo hapo nakujibu hili la kila ampaya ana zoni yake. Sheria ni moja, hakuna aliepewa zoni ya kwake. Lakini macho ni ya mtu, urefu ni wa mtu, alivyofundishwa ni yeye, kwa hivo kwenye kingo utakuta mmoja anatoa nusu ya mpira zaidi kwa nje na mwengine anabana chini, na kiasi hicho wachezaji wa kila daraja wanaishi nacho. Hata kwenye besiboli kubwa ya Marekani, walipoanza kupima kila mpira kwa kamera ilionekana kwamba maampaya wa kulipwa, wazoefu kabisa, zoni zao zinapanuka mrushaji akiwa na boli tatu bila straiki na zinasinyaa mpigaji akiwa na straiki mbili bila boli. Hawafanyi kwa makusudi, ni binaadamu hapendi kuwa yeye ndo aliemaliza mambo. Kisichokubalika ni zoni inayohama. Kama kwenye raundi ya kwanza mpira wa goti la nje ulikuwa straiki basi raundi ya saba uwe straiki, na uwe straiki kwa timu zote mbili, mwenyeji na mgeni. Hiyo ndo haki ya kumdai ampaya. Wasichana wako raundi ya kwanza wawe na kazi ya kusoma, kila anaetoka kupiga awaambie wenzake leo chini wanatoa straiki au hawatoi, nje wanatoa au hawatoi, halafu wacheze na zoni ya siku hiyo.

Sasa nguo. Nimefurahi umeuliza, maana vitabu hivi havikuandikwa na mtu aliekuwa anafikiria gauni na mtandio, na hakuna pahala sheria inamtaka binti aoneshe goti lake ndo apimwe, kwa hivo mtu asikutishe na hilo. Kazi ya kuliona ni ya ampaya. Mie nafanya hivi: binti akija kwenye boksi namtazama anavyotembea na anavyozungusha gongo lake mara mbili tatu za kujaribu, kwa sababu goti likikunjika nguo lazima ivunjike pahala, hata iwe pana vipi pana mkunjo unajitokeza, hapo ndo pana goti. Suruali ya treki yenye mstari ubavuni ni neema kubwa, ule mstari unakatika palepale kwenye goti unaona kama umechorwa. Upepo wa kusi ukivuma unatusaidia, unaigandisha nguo mguuni. Kwapa chini ya mtandio ni gumu zaidi, mie natazama bega la mbele halafu nashuka kama kiganja kimoja, na nikishaweka alama yangu kichwani kwa binti yule siibadilishi mpaka zamu yake imalizike. Ampaya asiezoea anafanya kosa moja kubwa, anachukua pindo la gauni ndo goti. Gauni linafika chini ya goti, basi zoni yake inafika katikati ya muundi, na mabinti wote wenye nguo ndefu wanaitwa straiki mipira ambayo mwenye suruali ya kubana haitwi. Ukiliona hilo lina mtindo, mwambie kwenye kile kikao cha pleti kabla ya mechi, kwa adabu, "Maalim, wasichana wangu goti liko juu ya pindo, tunaomba utazame mkunjo." Hakuna ampaya muungwana atakaekasirika.

Na wafunge ncha za mtandio, wasiache gauni linapeperuka. Nguo inahesabiwa kama mwili, mpira ukigusa nguo ndani ya boksi, hajapiga, na haukuwa straiki, anakwenda besi ya kwanza, lakini kama nguo imeelea juu ya pleti na mpira umeigusa ukiwa ndani ya zoni basi ni straiki na mpira umekufa palepale, hakuna besi ya bure, na mtafika kubishana bure.

Haki ya kulalamika, nitakuwa mkweli na wewe. Boli na straiki ni maamuzi ya macho ya ampaya, hayakatiwi rufaa, hata video ya simu ya mzazi haina kazi hapo, na ukiendelea kubishana kwa straiki na boli anaweza kukutoa uwanjani na atakuwa na haki. Ila kosa la kuisoma sheria ni jambo jengine. Mpira umedunda kabla ya pleti kaita straiki kwa sababu "umepita katikati", hapo hajakosea macho, kakosea sheria, na hilo unaweza kuliwekea pingamizi, ila lazima uliseme kabla mpira unaofuata haujarushwa. Unaomba muda, unamwendea peke yako bila ya kunyoosha vidole, unamuuliza, "Maalim, mpira ule uligusa chini kabla?" Anaweza pia kumuuliza ampaya wa kwenye besi kama binti alipiga au alijizuia, hilo unaweza kumuomba na mara nyingi hukubali.

Kuhusu mrushaji wako na kecha wako, hapa ndo pana kazi ya wiki hii. Nahisi kecha wako anakaa mbali na pleti kwa kuogopa gongo, karibu wote wanaoanza wanafanya hivo, na kila hatua anayorudi nyuma mpira unamfika chini zaidi, na straiki zako za goti zinaonekana mbovu hata mbele ya ampaya anaejitahidi. Msogeze mbele mpaka akinyoosha mkono glavu iwe karibu, ila nyuma ya njia ya gongo, gongo likigusa glavu yake mpigaji anapewa besi na mtoto anaweza kuumia vidole. Mpira wa chini aunyooshee mkono aukute mbele, asisubiri umfikie tumboni, na akishaudaka atulie, asiuvute kuurudisha katikati, kwa sababu kecha anaevuta glavu nusu mita anamtangazia ampaya kwamba mpira ulikuwa nje. Wasichana waliocheza nage wana mikono mizuri ya kudaka, shida yao wamezoea kuukwepa mpira au kuudaka na kuurusha upesi, kutulia wanafundishwa.

Na fanya zoezi hili. Chimbia miti miwili, mmoja kila upande wa pleti, hatua moja moja kutoka kwenye pembe, funga uzi usawa wa magoti ya binti mmoja na uzi mwengine usawa wa makwapa yake akiwa kwenye mkao. Mrushaji arushe mipira thelathini ipite baina ya nyuzi, bila ya mpigaji, na wengine wote wakae ubavuni palepale ulipokaa wewe siku ya mechi. Kila mpira wapige kelele "straiki" au "boli" kwa kutazama glavu tu, halafu mmoja aliekaa karibu na nyuzi aseme ulipita wapi kweli. Waandike kwenye daftari mara ngapi wamekosea. Kaa na wewe uandike yako. Halafu niletee hesabu hiyo, na kama kecha wako anaweza kuja Unguja siku za likizo mlete, nitasimama nyuma yake mechi mbili tatu nimuoneshe pale pa kukaa.